Vidonge vya Mgongo

Mgeni alitokea upande wa migomba, nyuma ya nyumba, ambako wageni hawapitii. Edinah alikuwa ameinamia sufuria ya uji jikoni, akikoroga bila moyo, na mbwa alipobweka alidhani ni jirani amekuja kuazima kitu. Alipoinua kichwa alimwona msichana mwembamba aliyevaa koti la mvua, viatu vimejaa matope hadi kwenye vifundo, akihema.

"Bwakire, mama," msichana alisalimia. "Hapa ni kwa kina Nyakerario?"

"Anatafutwa na nani?"

"Naitwa Valentine. Nimetoka Suneka. Tulikuwa pamoja naye kule Uarabuni."

Edinah alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye matope. Tangu binti yake arudi, watu walikuwa wamekuja wa kila aina, kila mmoja na shida yake. "Kama umetumwa na ajenti, mwambie tulishamalizana."

"Si ajenti, mama. Nimeuliza soko baada ya soko tangu asubuhi. Nilichojua ni Gesima tu, na kwamba mama yake anaitwa Edinah na anachuma chai. Kumbe huku kila mama anachuma chai, na nusu yao ni Edinah."

Siku nyingine Edinah angecheka. Leo alirudisha macho kwenye uji.

"Mama," msichana akasema kwa sauti ya chini, "yuko hai?"

Mwiko ulisimama. "Hilo ni swali la kumuuliza mtu jikoni kwake?"

"Nisamehe. Anaumwa?"

Edinah aliepua sufuria, akaiweka chini, akafuta mikono kwenye leso. Kisha akaongoza njia kuelekea sebuleni, na Valentine akavua viatu mlangoni, akamfuata.

Nyakerario alikuwa amelala kwenye kochi chini ya blanketi mbili, beseni la kutapikia karibu na kichwa chake. Uso wake ulikuwa bado mviringo, umejaa, lakini ngozi ilikuwa imekuwa na rangi ya majivu. Alifungua macho, akamwona mgeni, akajaribu kuinuka. Alifika nusu ya njia. Macho yakazunguka, akarudi chini kama mzigo ulioachiliwa.

"Val," alisema. "Nimechoka."

"Najua. Bado unameza vile vidonge?"

"Viliisha."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Au ile nyingine. Sikumbuki."

Valentine akapiga magoti kando ya kochi, akamshika mkono. Halafu akageuka. "Mama, tafuta gari. Sasa hivi. Twende Kisii."

"Ametoka zahanati juzi," Edinah alisema. "Wamempa dawa ya malaria. Wamesema apumzike."

"Si malaria, mama. Hata mimi nilianza hivi hivi."

Na pale, akiwa bado amepiga magoti, alieleza. Alieleza haraka, kama mtu aliyekuwa akiyarudia maneno hayo njia nzima ili yasimpotee.

Kule walikokuwa wakifanya kazi walilala wasichana wengi katika chumba kimoja, wote wa usafi: ngazi, mazulia, vyoo, tena ngazi. Kufikia jioni hakuna aliyeweza kunyoosha mgongo. Kulikuwa na mwanamke mmoja, wa nchi nyingine, aliyewauzia vidonge vidogo vyeupe ndani ya bamba la rangi ya fedha. Maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma. Ukimeza kimoja asubuhi, unafua mazulia mpaka jua linatua na husikii mgongo. Unasikia njaa tu, na unanenepa. Wote walinenepa. Walipiga picha wakatuma nyumbani.

"Halafu muuzaji akahamishwa, vyangu vikaisha. Sikuona shida. Nilidhani nitaumwa na mgongo basi. Baada ya siku kadhaa nikaanguka kwenye ngazi. Daktari wa kule alisema mwili ulikuwa umezoea kufanyiwa kazi na dawa, ukaacha kujifanyia. Ukikata dawa ghafla, mwili hauna kitu. Mimi niliwahiwa. Yule dada wa Uganda, Nyakerario, unamjua, yule aliyekuwa akiimba, hakufika hospitalini." Alivuta blanketi hadi begani mwa Nyakerario. "Nikajaribu kukupigia. Ile laini yako ya kule ilikuwa imekufa. Niliporudishwa nyumbani nikasema nitakutafuta hata kama ni kwa miguu."

Nyakerario alikuwa amefumba macho. Machozi yalitoka yakaingia masikioni, naye hakuwa na nguvu ya kuyafuta.

Edinah alibaki amesimama. Hakumfikiria yule dada wa Uganda. Alikuwa akifikiria kopo.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limejaa yale mabamba ya rangi ya fedha hadi juu. Nyakerario alilitoa kwenye sanduku siku ileile aliyofika, pamoja na sabuni, mafuta ya kujipaka na shuka. "Hizi ni za mgongo, mama," alisema. "Zinaondoa uchovu." Edinah alikuwa amemeza kwa siku mbili tatu, akaona zinamnyima usingizi, akaacha. Lakini huwezi kuwa na mtoto aliyetoka ng'ambo halafu watu waondoke kwako mikono mitupu. Na waliokuja kwanza walikuwa wanawake wa egesangio.

Egesangio lao lilikuwa la wanawake wanaochumiana chai kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Zamu ya Edinah ilipofika, walichuma, wakala, wakamwangalia Nyakerario wakapiga makofi. Nyanchera, aliyekuwa akiwaongoza, alimshika mashavu kama anayepima parachichi sokoni. "Huyu kweli alikuwa anakula. Wetu wanaoenda Nairobi wanarudi kama mikwaju." Edinah alihisi mwili wake wote umekuwa mwepesi. Sabato iliyofuata alisimama kanisani akatoa shukrani. Alisema, mwangalieni mtoto wangu, Mungu amemtunza.

Siku hiyo ya shamba ndipo alipoingia ndani akatoka na kopo. Alimgawia kila mwanamke, huyu bamba moja, yule mawili, na vikongwe zaidi. Alimuuliza Nyakerario kwanza. Nyakerario alicheka akasema, "Wape tu, mama. Mimi nimebakiza chache. Nimefika nyumbani, nyingi za nini tena?"

Edinah alimpigia simu Ronny, dereva wa kubeba abiria, naye akaja na gari lake la Probox akiwa na abiria watatu tayari. Alipoona jinsi Nyakerario alivyobebwa, aliwageukia abiria. "Wakubwa, shukeni, mtanisamehe." Mzee mmoja alinung'unika kwamba amelipa nauli. "Nitakurudishia na sukari juu," Ronny alisema. "Shuka, mzee wangu." Njiani aliacha redio yake imezimwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Hospitalini daktari alikuwa kijana aitwaye Omwenga, macho mekundu, aliyeonekana kana kwamba amelala kwenye kiti. Alipima shinikizo la damu, akalipima tena mkono wa pili, akaacha kuongea na kuanza kuita watu. Aliinua nguo tumboni. Edinah akaona kitu ambacho hakuwa amekiona tangu binti yake arudi: mistari mipana ya zambarau iliyopanda kutoka nyongani hadi mbavuni, kama ngozi iliyopasuliwa kwa ndani.

"Anatumia dawa gani?" daktari aliuliza.

"Hatumii dawa," Edinah alisema. Alisema kabla hajafikiri, kama alivyosema zahanati.

Valentine akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bamba tupu, lake mwenyewe, lililokunjika. Omwenga aligeuza, akasoma jina la kitabibu lililoandikwa kwa herufi ndogo pembeni, akatikisa kichwa.

"Hii ni steroidi. Muda gani?"

"Mwaka na zaidi," Valentine alisema. "Kila siku."

Walimchoma sindano, wakamtundikia maji, na pazia likavutwa. Edinah alikaa kwenye benchi la ukutani na Valentine kando yake. Upande wa pili mtoto alikuwa akilia kwa uchovu, kile kilio kisichotaka kitu. Baadaye Valentine alisinzia begani mwa Edinah, na Edinah akajikaza asisogee ili asimwamshe.

Asubuhi Nyakerario alikuwa ameketi, ameegemea mto. Alikuwa amekunywa chai na haikurudi. Rangi ilikuwa imeanza kumrejea midomoni. Omwenga alikuja akiwa amebadilisha shati lakini si macho.

"Mama, mbona hamkusema zahanati kwamba anatumia dawa?"

Edinah alitazama mikono yake, vidole vilivyoingia weusi wa utomvu wa chai usiotoka kwa sabuni yoyote. "Tuliulizwa. Tukasema hapana. Dawa ni ya mgonjwa, daktari. Hizi zilikuwa za kufanyia kazi."

Daktari alivuta pumzi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakumkaripia, na hilo lilimchosha Edinah kuliko kukaripiwa.

"Dawa yenyewe si mbaya," alisema. "Hapa tunaitumia. Hata sasa tutampa ya aina hiyo, ila kwa kipimo, na tutakuwa tunampunguzia kidogo kidogo kwa miezi, mpaka mwili wake ukumbuke kazi yake. Uso utapungua. Atachoka sana. Msimharakishe. Shida ni kumeza kitu usichokijua, kwa kipimo cha muuzaji, halafu kukiacha siku kinapoisha." Alisimama. "Vingine viko wapi?"

"Viliisha," Edinah alisema.

"Vyote alimeza yeye?"

Nyakerario alimgeukia mama yake polepole.

"Mama. Egesangio."

"Nimejua tangu jana," Edinah alisema.

Omwenga aliketi tena. Aliuliza ni wangapi, wana umri gani, waligawiwa lini. Kisha akaeleza, akihesabu kwa vidole: aliyemeza vichache akaacha hana neno, avirudishe tu. Lakini yule ambaye bado anameza kila siku tangu wakati ule asinyang'anywe. "Asikatwe nyumbani. Aje hapa navyo mkononi, akiwa bado anavimeza. Umenielewa, mama? Ukimnyang'anya kwa wema, utamlaza hapa karibu na huyu."

Daktari alipoondoka, Nyakerario alimshika mama yake kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Niahidi utaenda leo."

"Leo ni zamu yetu. Wako shambani sasa hivi. Nikirudi nitawapata, nitawaambia baada ya kupima majani."

"Baada ya kupima watatawanyika. Mama, ukiwaambia kwa simu watasema unazitaka zirudi uuze. Nenda mwenyewe. Na uwaambie sababu. Uwaambie sikuwa nimenenepa."

Edinah alitazama mashavu yale aliyoyatolea shukrani mbele ya watu.

"Nani anameza kila siku?" Nyakerario aliuliza.

"Nyangate. Alipata mengi kuliko wote. Kwa ajili ya miguu."

"Basi mfikie leo. Kabla jua halijatua. Niahidi."

"Nimeahidi," Edinah alisema, na akatoka kabla hajabadilisha mawazo. Valentine alibaki. Alikuwa amekwisha kuvuta kiti, akiloweka mkate kwenye chai ya mgonjwa na kumwambia ale, asijifanye binti wa sultani.

Ilikuwa alasiri Edinah alipofika nyumbani. Aliwasikia kabla ya kuwaona: vicheko, na ule mlio mkavu wa machipukizi yakikatwa. Walikuwa wamefika mistari ya chini, wamejifunga plastiki viunoni, vikapu vimejaa. Kwa wiki kadhaa mvua ilikuwa nzuri na chai ilikuwa imesimama kama haijawahi. Majani ya siku kama hii ndiyo aliyokuwa akiyangojea. Lori la majani lingefika karibuni kituoni, pale chai inapopimwa, na lori halisubiri mtu. Jani likilala kwenye kikapu huwa linapata moto, linageuka jekundu, halifai.

Aliweza kungoja. Alisimama kwenye ukingo wa shamba akifikiri hivyo kweli. Wabebe kwanza, wapime kwanza, kisha awaambie wakiwa kwenye foleni.

"Mama Nyakerario," Nyanchera aliita. "Umetuachia shamba kama umetuajiri. Mgonjwa anaendeleaje? Ama ni mjukuu unatuletea?"

Wakacheka. Edinah alisubiri kicheko kiishe, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukipita.

"Wenzangu, vile vidonge nilivyowapa. Nani bado anavyo?"

Wengine waliinua nyuso. Mmoja alisema alimpa mumewe. Mwingine alisema alimeza viwili tu, moyo ukamwenda mbio, akavitupa juu ya kabati. Purity, mdogo kati yao, alisema alikuwa anaviweka kwa ajili ya msimu wa kupogoa.

"Virudisheni," Edinah alisema. "Vyote. Vimemuangusha Nyakerario. Alikaribia kufa. Ule unene mliouona haukuwa chakula. Ulikuwa ni hivyo vidonge. Nami niliwagawia bila kujua ni nini."

Kisha Nyanchera akafungua plastiki kiunoni mwake, akaivuta, akaikunja taratibu.

"Ulisimama kanisani," alisema.

"Nilisimama."

"Ukatuambia tumwangalie. Mimi nikamwambia binti yangu, ona wenzako, na wewe nenda ujaze fomu za kule. Sasa ndiyo unatuambia ni sumu, na tuko hapa tunakuchumia."

"Ningeweza kuwaambia mkishamaliza."

"Ungeweza," Nyanchera alisema. "Nisingekusamehe." Akageuka kwa wengine. "Mimi naenda kutafuta vya kwangu. Mume wangu anavimeza mpaka leo, na ana sukari." Alipita karibu na Edinah bila kumgusa. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, wengine wakimpa Edinah pole ya haraka, wengine bila hata hiyo. Purity alisita, akaangalia vikapu, akaangalia njia.

"Mama, hivi vikapu?"

"Nenda kwanza ulete vidonge vyako. Mpe Nyanchera avikusanye. Na mwambie mumewe asikate ghafla, aende Kisii navyo. Umesikia? Asikate."

Vikapu vilibaki vimesimama kwenye mistari. Edinah alijaribu kubeba kimoja. Kilikuwa kizito, na kituo kilikuwa juu, na nyumba ya Nyangate ilikuwa chini kabisa, karibu na mto. Jua lilikuwa limeshashika mlima. Alitua kikapu, akavuta gunia akafunika majani yale, akijua halitasaidia, akaanza kuteremka.

Magoti yalimuuma. Hakuwa amelala. Njia ilikuwa ya utelezi na alishika nyasi za pembeni kama mtoto. Alipofika katikati alisikia lori likinguruma kule juu, likisimama, vyuma vikigongana, watu wakiitana majina. Alisimama. Alisikiliza mpaka liliponguruma tena na kupanda kilima, sauti ikipungua, mpaka ukabaki mto tu. Akaendelea.

Nyangate alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, akichambua mboga. Alikuwa mwanamke mzee sana, mjane kama Edinah, na uso wake mwembamba ulikuwa umeanza kujaa pembeni. Alipomwona mgeni alisimama mwenyewe, bila fimbo, ili Edinah aone.

"Umeona?" alisema. "Sabato iliyopita nilifika kanisani kwa miguu yangu. Tangu mwaka juzi sikuwa nimefika. Mungu akubariki wewe na mtoto wako."

Edinah aliketi chini, kwenye jiwe.

"Mama Nyangate, ni kuhusu hivyo."

Alimwambia. Alimwambia yote, hata lile la kanisani, hata lile la mashavu. Bibi kizee alimsikiliza akiendelea kuchambua mboga, na vidole vyake havikusimama hata mara moja. Kisha akasema:

"Kwa hiyo umekuja kunirudisha kitandani."

"Sijaja kukunyang'anya. Cha kesho asubuhi utakimeza kama kawaida. Kisha nitakuja na gari, twende kwa daktari pamoja. Atakupunguzia polepole. Labda atakuwa na nyingine ya miguu, inayojulikana."

"Na kama hana?"

"Sijui," Edinah alisema. "Sitakudanganya tena."

Nyangate aliinua macho kuelekea mashamba ya juu. "Na chai yako? Leo si ilikuwa zamu yako? Nimesikia lori."

"Limeenda."

"Na majani?"

"Yako shambani."

Bibi kizee aliweka mboga chini. Aliinuka, akaingia ndani, akakaa huko kiasi cha Edinah kudhani hatatoka. Alitoka na mabamba matatu ya rangi ya fedha yaliyofungwa kwenye kitambaa, akayahesabu mbele yake, akatoa kidonge kimoja akakiweka mfukoni mwa sweta.

"Hiki cha kesho," alisema. "Hivi vingine kaa navyo wewe, nisije nikashawishika. Kesho njoo mapema. Sitaki kukaa kwenye gari la Ronny na wanafunzi."

Edinah alipokea kitambaa. Jua lilikuwa bado linagusa vilele vya miti ng'ambo ya mto. Alitoa simu, akampigia Valentine.

"Mwambie Nyakerario nimefika kwa Nyangate," alisema. "Mwambie niko hapa naye, tumekaa."